Jumamosi za Waino

Nyumba ya wazee, Marquette
3 Machi 2014

Kwako Kaisa mjukuu wangu,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima, ila hii nyonga yangu mpya ya chuma inajua hali ya hewa kuliko redio. Hapa wananilisha uji na kunisemesha kama mtoto anayeota meno. Simu usinipigie, nasikia nyuki tu. Andika.

Mama yako kaniambia umepewa fomu ya kuchagua masomo ya jamii ya mwaka ujao. Nimemsumbua mpaka akaniletea nakala, nikaisoma neno kwa neno. Saikolojia achana nayo. Ukitaka kuona vichaa, njoo tule pamoja hapa saa ya chakula cha mchana. Uchumi wanafundisha watu ambao hawajawahi kushika koleo. Sosholojia sijui ni nini, nadhani ni umbea uliotungiwa mtihani. Uraia na Serikali huna hiari, ni la lazima, bila hilo hapa Michigan hupati cheti. Hilo tuliache.

Lakini chini kabisa nimeona somo jipya: Historia ya Mji Wetu. Kila mwanafunzi anamrekodi mzee mmoja wa Kallio muhula mzima, na sauti yake inawekwa maktaba daima. Mzee mmoja, Kaisa. Sikushawishi. Nakukumbusha tu kwamba nimechimba chuma miaka thelathini na koo langu bado zima.

Babu yako,
Arvid

Kallio
11 Machi 2014

Shikamoo Babu,

Natumaini nyonga inakutii. Sisi huku hatujambo, theluji imefika madirishani na Mama anaitukana kila asubuhi kama kawaida.

Fomu nimerudisha. Nimeweka alama kwenye Uraia, maana sina ujanja, na kwenye Historia ya Mji Wetu. Mwalimu ni Bi Trevarrow. Basi furahi, uwaachie wauguzi wapumzike.

Babu, "hilo tuliache" ndiyo nini? Mama anasema shule uliiacha kwa kuwa ilikuchosha.

Mjukuu wako,
Kaisa

Marquette
14 Septemba 2014

Kwako Kaisa,

Hujambo wewe, hajambo mama yako? Mimi mzima na nimenyoa. Tangu shule ifunguliwe nanyoa kila Jumapili, maana najua utatokea mlangoni na mashine yako ya kurekodi, nami sitaki historia inikute na ndevu.

Hadithi nimezipanga: lile shimo lililojaa maji, dubu aliyeingia kanisani, na Helmi bibi yako, Mungu amrehemu, alivyonikataa mara tatu kabla hajachoka. Dubu nimemwongeza unene kidogo. Mzee wa kitanda cha pili nimeshamwambia siku hiyo akohoe nje.

Uliniuliza habari za shule. Ilinichosha. Mama yako kasema kweli.

Njoo na betri za kutosha.

Babu yako,
Arvid

Kallio
23 Septemba 2014

Shikamoo Babu,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa. Nimeiandika mara nne nikaichana.

Nimemchagua Babu Waino. Bi Trevarrow anataka mzee tutakayemfikia kila wiki, na wewe uko mwendo wa saa moja u nusu na gari ni moja. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba kila hadithi yako ina dubu, na dubu haachi kukua. Babu Waino anazungumza polepole, na akisahau anasema amesahau.

Namrekodi kila Jumamosi kwenye kibaraza cha sauna yake, akishatoka kwenye mvuke, maana ndani mashine itaungua. Tukimaliza tunakula mikate ya nyama na viazi. Anaikanda mwenyewe, anasema alifundishwa na dada yake, yaani Bibi Helmi. Juzi aliniambia nina masikio ya huyo dada yake.

Usininunie, Babu.

Mjukuu wako,
Kaisa

Marquette
26 Septemba 2014

Kwa Bi Kaisa, mwanafunzi,

Salamu. Mimi mzima.

Kwanza, babu ni mmoja. Waino ni shemeji yangu na mjomba wa mama yako, na neno hilo la babu sikumwazima. Pili, mikate hiyo anaitia karoti. Namjua. Helmi hakutia karoti hata siku moja katika maisha yake, kwa hiyo ukiuma ukakuta karoti, ujue umeshaanza kulishwa historia ya uongo. Tatu, masikio yako ni ya upande wangu. Nenda kwenye kioo.

Waino ana cheti cha shule ndani ya fremu. Ana sauna, ana meno yake mwenyewe, watu wakimwona barabarani bado wanamwita mwalimu. Na sasa ana Jumamosi zako. Mimi nina uji. Ndevu nimeziacha ziote.

Mashine yenu isije ikasinzia tu.

Arvid Kemppa

Kallio
9 Novemba 2014

Shikamoo Babu,

Barua zangu mbili za Oktoba hukuzijibu. Mama anasema unakula vizuri na unagombana na wauguzi, kwa hiyo huumwi, umenuna. Hii isome hata kama umenuna.

Jana nilimuuliza mjomba Waino habari za shule.  Akasema kwamba mwaka 1959, kwenye mtihani wa mwisho wa Uraia, alikaa nyuma yako na hakujua kitu. Wewe ulijua vyote, kwa sababu baba yako alikuwa akigombana na serikali mezani kila jioni. Swali mojawapo liliuliza rais akifa nani anashika nafasi yake. Uliandika makamu wake, halafu kwa utundu wako ukaongeza kwamba makamu naye akifa, anafuata Mustikki. Mjomba Waino alinakili yote, na Mustikki humo humo. Alikuja kukumbuka baadaye, nje, kwamba Mustikki ni ng'ombe wenu.

Mwalimu akawasimamisha ninyi wawili mbele ya darasa, akasoma jibu hilo kwa sauti, akauliza nani amemwibia mwenzake. Yanayofuata nimeyaandika kama yalivyo kwenye mashine:

"Mimi chuo kilikuwa kinanisubiri. Arvid hakuwa anasubiriwa na kitu, isipokuwa mgodi. Akanyoosha mkono yeye. Wakampa sifuri, akaenda chini ya ardhi. Mimi nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini na tano kwa cheti chake, na sijamwambia mtu, hata Helmi."

Alilia, Babu. Nikazima. Akaniambia washa, hii ndiyo iende maktaba.

Kwa hiyo shule haikukuchosha. Kwa nini umetudanganya miaka yote?

Bi Trevarrow amesikiliza. Ameniomba nikutumie karatasi hii ya Uraia, maswali ishirini, tuliyofanya wiki iliyopita. Cheti hawezi kukupa. Anasema anataka tu kuona kama bado unajua.

Mjukuu wako anayekupenda, mwenye masikio ya upande wako,
Kaisa

Marquette
12 Novemba 2014

Kwako Kaisa mjukuu wangu,

Salamu kwako na kwa mama yako. Mimi mzima, na nimenyoa.

Huyo shemeji yangu ana wizi wa kuzaliwa nao. Kwanza jibu, kisha cheti, kisha mjukuu, na sasa ameniibia hadithi niliyoificha miaka hamsini na mitano, akaisimulia bila dubu hata mmoja. Nimeona wivu mpaka nyonga imeniuma.

Na ameikosea. Amenitia maktaba nikiwa mtakatifu, na mimi sitaki kukaa humo milele nimesimama wima. Andika hivi. Helmi alikuwa darasani, amekaa dirishani, na alikuwa ameshanikataa mara mbili. Mwalimu alipouliza, aligeuka akanitazama. Waino hayumo kabisa. Nilinyoosha mkono ili yule msichana aone. Alijua tangu siku ile. Kallio nzima ilijua Mustikki ni ng'ombe wa nani, mwalimu peke yake ndiye alikuwa mgeni. Miaka yote Helmi akimtazama kaka yake anakula, alikuwa anacheka peke yake, naye Waino akidhani ni upendo. Basi muulize kama alishajua hilo. Usimwambie nimekutuma, lakini hakikisha mashine imewaka.

Karatasi ya Bi Trevarrow nimeifanya. Nimejaza kumi na tisa, na hakuna ng'ombe. La kumi na saba limenishinda.

Jumamosi hii usiende kwenye kibaraza cha mtu. Mlete Waino hapa, umshike mkono kwenye ngazi. Aje na mikate, karoti nitazichomoa mwenyewe. Wewe kaa upande wangu. Yeye mpe kiti cha mbele yangu na karatasi kama yangu, na mwambie asikunje mabega anapoandika. Safari hii mimi ndiye ninayechungulia.

Babu yako, wa pekee,
Arvid