Ulinituma Nikuseme Kaburini

Shemeji Parsaloi,

Sikuulizi hali yako huko. Ukinijibu nitakimbia, na magoti haya hayawezi tena mbio. Nakuandikia kwa sababu dada yangu Ndunge, mjane wako, hanisalimii tangu tukuzike, na sina mwingine wa kugombana naye.

Kikao chetu cha Jumatano bado kiko. Bado tunakaa kwenye viti vya watoto wa chekechea pale nyuma ya kanisa, Kitengela, magoti karibu yaguse kidevu, wazee wazima tunabishana kama haki iko ama haiko. Wazimu huu ulituanzishia wewe ulipostaafu ualimu. Ulisema mtu akizeeka hubaki na swali moja tu la kuulizwa, "Umekunywa dawa?", na wewe hukutaka kufa na hilo peke yake. Nilikupenda kwa hilo, nisikufiche.

Kanuni pia ilikuwa yako. Hakuna kubembelezana hapa. Mtu akilia, tunamuuliza analilia nini hasa. Siku ile tulipotoka kumzika mwenzetu aliyekuwa akimpiga mkewe, na tumesikia akisifiwa kama malaika, ulirudi umefura. Ukasema sisi tusizikwe na uwongo. Kila anayekufa, mmoja wetu asimame aseme ukweli ambao familia imeuficha. Tukakubali wote, hata pasta mstaafu, ingawa yeye alikohoa kwanza. Kisha ukanigeukia: "Wangu utausema wewe, shemeji. Hawa wengine watamwogopa Ndunge." Ukacheka.

Basi nikausema.

Ilikuwa kule bomani kwako Bisil, upepo unataka kung'oa hema. Mwanao Saruni alikuwa amefika kutoka Magadi, macho mekundu, ameketi kando ya mamake. Emsii akasoma wasifu wako: baba mpenzi, rafiki mkubwa wa mwanawe. Damu ikanichemka. Saruni alipokataa kurudi kuangalia ng'ombe wako akabaki kwenye kazi ya chumvi Magadi, si wewe uliyetuambia huna mtoto, uko na mchota chumvi? Tulikuuliza kama baba anaweza kuacha kuwa baba. Ukasema anaweza, na ukatoa hoja zako moja baada ya nyingine mpaka tukakubali. Miaka yote iliyofuata hukulitaja jina lake mbele yetu.

Nikaomba maiki. Nikasema Parsaloi hakupenda uwongo, na huu ni uwongo. Alikufa hajamsamehe Saruni, na ni heri kijana aujue ukweli kuliko apewe karatasi tamu. Nikaketi. Nilijiona jasiri, Mungu anisamehe.

Saruni hakukutilia udongo. Alisimama pale ukingoni na koleo, halafu akampa mtu aliyekuwa karibu, akaenda zake.

Ndunge alinikuta jikoni, katikati ya masufuria. Hakupiga kelele. Aliniambia ulimpigia Saruni simu kutoka kitandani hospitalini, yeye mwenyewe akikushikia simu sikioni. Ulimwomba mtoto msamaha. Mkazungumza mpaka mkacheka, baba na mwana, juu ya fahali fulani aliyewahi kukukimbiza ukapanda mti. Kisha ulipomaliza ukamwambia Ndunge, "Usimwambie dada yako. Jumatano watanicheka."

Watanicheka. Mwanamume mzima, mwalimu wa watu. Ulitufundisha kuanika aibu za kila mtu, na jambo la pekee jema ulilofanya tangu nikujue ukalificha tusikucheke. Ningekuwa na wewe hapa ningekuzaba kofi.

"Nimewashona hao wawili miaka," Ndunge aliniambia, "wewe umewafumua na maiki." Akatoka.

Sasa Saruni hapokei simu ya mamake. Mara moja tu alipokea, akamwambia ile simu ya hospitali ilikuwa hofu ya kufa, si upendo. Mama mkubwa alikaa na Baba kila Jumatano, alisema, yeye ndiye anamjua. Umesikia? Ananiamini mimi. Wanasema mdomo huponza kichwa. Huu wangu umeponza kichwa cha mtoto wa mwenyewe.

Na wenzako! Jumatano iliyopita pasta mstaafu, habari ya ile simu ikiwa imeshamfikia, aliingia na mada: je, msamaha wa mtu anayeogopa kufa ni msamaha? Wote wakasogeza viti mbele, wamefurahi kama watu walioletewa nyama. Niliwatazama nikaona hivi ndivyo tulivyokuwa siku zote, mimi na wewe tukiwa mbele. Nilichukua kikoti changu nikatoka. Sirudi.

Kesho nashuka Magadi na joto lake. Nimefikiri sana nitamwambia nini. Nikisema sikujua, atajibu hata mama mkubwa hakuambiwa, basi haikuwa kweli. Kwa hivyo nitamwambia nilijua. Nitasema uliniita hospitalini ukanieleza kila kitu, na mimi nikadanganya kaburini kwa sababu nimemwonea Ndunge wivu tangu tukiwa wasichana. Ndunge akisikia hivyo tumemalizana, mimi na yeye, mpaka na mimi nizikwe. Na atasikia.

Lala, shemeji. Ahadi yangu ni hii, na sitakuomba ruhusa. Saruni akiniuliza ulisema nini hasa juu yake, nitakutilia maneno kinywani, maneno matamu ambayo hungeyasema hata kwa kupigwa. Nitaapa ni yako. Na kwa mara ya kwanza tangu tujuane, hutaweza kunibishia.

Mimi shemeji yako,
Mutheu