Asidi Imefika Shuleni, Dada

Dada yangu mpendwa,

Tangu tukuzike sijakuandikia, na leo nakuandikia kwa woga tu. Asidi imefika shuleni. Asidi ya kweli, dada, ile ya kuunguza, iko kabatini kwenye maabara mpya uliyoisubiri mpaka ukachoka. Kesho kidato cha tatu wanaigusa kwa mara ya kwanza, na mwalimu wao wa kemia ndiye mimi, mtu wa baiolojia niliyerithishwa vipindi vyako.

Unakumbuka tulivyolipasua boksi la biskuti sebuleni kwako, hapa Bahi, ukachora juu yake maabara nzima kwa kuwa shule haikuwa nayo? Kete zilikuwa vizibo vya soda. Mtu anarusha dadu, anaangukia swali, akipatia anasonga. Akisema anamimina maji kwenye asidi, badala ya asidi kwenye maji, darasa zima linapiga kelele: "Rudi mwanzo!" Nilikucheka, nikasema unawachezesha tu watoto wa watu. Ukanionyesha kovu lako la asidi mkononi, la tangu ukiwa mwanafunzi.

"Mimi sikurudishwa mwanzo, mdogo wangu."

Hilo ndilo linaloninyima raha. Watoto hawa wameungua kwenye boksi lako mara ngapi sijui, na kila mara wanaanza upya huku wanacheka. Je, kesho wakiingia na kicheko hichohicho?

Leo baada ya vipindi nikaenda kujaribu mwenyewe kwanza. Mariamu, yule binti wa Chemba aliyekuwa akikufunga kila mchezo, akaomba kutazama, nikamwambia abaki mlangoni. Nikavaa miwani ya kujikinga. Nikatia asidi kidogo kwenye chombo cha kioo, nikainua chupa ya maji.

"Mwalimu! Rudi mwanzo!"

Haki ya Mungu, nilikuwa karibu kumimina maji juu ya asidi. Mimi, na shahada yangu! Nikaiweka chupa chini, nikakaa kwenye stuli, nikalia mbele ya mwanafunzi. Naye, maskini, akaanza kuniomba radhi kwa kunipigia kelele.

Kesho wao ni arobaini na mimi ni mmoja. Naogopa, dada, naogopa mno. Nimemwambia Mariamu asimame mbele, na akiona kosa apige kelele vilevile, hata kama ni langu.

Pumzika, dada. Mkono unaokuandikia bado hauna kovu.

Mdogo wako