Majusi wa Tatu

Shard End, Birmingham. Jumapili ya Mamajusi, Januari 1974. Ukungu tangu asubuhi, na mimi nimenuna tangu asubuhi.

Haya shajara, nisikilize wewe, maana mwingine humu ndani hanijibu.

Tangu apigwe na kiharusi mwezi wa kumi, mume wangu Stefano hajatamka neno. Hata jina langu. Ananitazama, midomo inahangaika, kisha anatoa machozi. Mimi ni nesi, wodini nawahudumia wagonjwa wa watu mpaka wanapona. Huyu wangu amenishinda. Amenishinda kabisa.

Leo Wakenya wenzetu wanaokaa mtaa wa Moseley waliahidi kuja kumwimbia wimbo wa Mamajusi, kama tulivyokuwa tukifanya kigangoni kwetu Taita. Mamajusi wawili huingia na kuimba beti zao, wa tatu hubaki nje na manemane yake, na mlango haufunguliwi mpaka amalize ubeti wake. Miaka yote huyo wa tatu alikuwa Stefano. Basi jana nikaenda Alum Rock, dukani kwa Mhindi mmoja aliyetoka Kisumu, nikanunua iliki, nikakaanga mahamri beseni zima. Leo saa kumi jioni simu ikalia.

"Dada Tabitha, tuwie radhi. Mabasi yamesimama kwa sababu ya ukungu."

Nikasema hamna neno. Neno lilikuwepo, tena kubwa!

Kwa hasira nikaimba peke yangu. Ubeti wa dhahabu, ubeti wa ubani, huku nikipangusa meza ambayo ilikuwa safi. Kisha nikanyamaza, maana wa tatu si wangu.

Stefano akauimba.

Besi yake ile ile, maneno yote, hadi mwisho: nifungulieni, nimetoka mbali. Jamani! Miguu ilinipeleka yenyewe mlangoni, nikafungua, ikaingia baridi tupu. Nikarudi mbio, nikampigia magoti pale kitini.

"Mume wangu, niite. Sema Tabitha."

Midomo ikahangaika. Wapi! Nikaanza wimbo upya, akaitikia, tena vizuri. Nikamwuliza anataka maji au chai, akalia. Nami nikalia, uongo wa nini.

Sasa amelala, na mahamri yamepoa bila mlaji. Miezi yote hii nilikuwa nikijiambia kwamba Stefano wangu ameshaondoka, nizoee.

Kumbe yumo. Yumo humo ndani, na mimi mkewe sijui pa kuingilia.