Mtutu wa Baba na Ngozi ya Mama

Kansay,
Karatu.
8 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Bonifasi,

Marahaba! Najua umeshaniamkia hata kama sijasikia. Hamjambo huko Newala? Janeth mguu wake umepona? Wanafunzi wako bado wanakutoa jasho? Wape pole, maana mwalimu mwenyewe nakufahamu tangu ukikimbia shule.

Sisi miili ni mizima. Lucas mume wangu anakohoa kwa hili vumbi la kiangazi, mbaazi tumevuna kidogo, nyasi zimekwisha na ng'ombe wamebaki mbavu. Mungu anajua.

Ninayekuandikia habari zake ni mama. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ukisikia jambo zito unasema, "Nitakupigia, dada," halafu kimya mpaka Pasaka. Sasa hii barua huwezi kuikata. Kaa chini uisome.

Ni juu ya bunduki ya baba. Wajua alivyoipenda. Miaka yote ile ya kuwaongoza wageni wawindaji alibeba bunduki za watu, na aliponunua yake kihalali aliileta nyumbani kama anayeleta bibi harusi. Nguruwe pori walioharibu mahindi ya watu kule Baray walimjua, na tembo wakishuka kutoka Hifadhini alipiga hewani tu, wakarudi zao. Alisema mbele yetu wote kwamba itakuwa yako, kwa hiyo uamuzi ni wako.

Sheria unaijua. Mwenye leseni akifariki, silaha inakwenda polisi mpaka mrithi apatikane. Matanga ya baba yalipokwisha nikamuuliza mama iko wapi, akanijibu, "Imelala." Nikadhani amechoshwa na maswali, nikamwacha. Mkuu wa kituo alituvumilia sana, mzee wa watu, lakini mwezi wa saba akasema sasa basi, ileteni.

Mama akapanda darini mwenyewe na magoti yake yale mabovu. Akashuka amekumbatia mzigo, akaulaza kitandani kwa baba. Ilikuwa ngozi ya lile dume la ng'ombe tulilochinja siku ya maziko. Ameifunga kwa kamba juu na chini, imekaza, na ndani yake bunduki.

Ngozi alikuwa ameitia chumvi isioze, kama tunavyofanya ngozi zote. Chumvi ile pamoja na unyevu wa masika vimekula chuma. Mtutu umetobokatoboka kama jino bovu, Boni. Kitako kizima, lakini chuma cha baba kimekuwa chekundu, ukigusa kinamomonyoka mkononi.

Lucas akapayuka, "Mama, umeiua bunduki!" Mama wala hakutikisika. Akamjibu kwa Kiiraqw, taratibu, kwamba babake yeye alizikwa ndani ya ngozi, na babake baba vilevile, na yeye ya mumewe alishaiweka tayari. "Ninyi mkaleta sanduku. Hakuna aliyeniuliza."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi mpaka kwikwi ikanishika.

Lile jeneza la vioo ulilotuagizia kutoka Arusha, kijiji kizima kililisifia. Ulikuwa umekwama, mvua imekata barabara ya kusini, ukasema kama wewe hufiki basi baba asipungukiwe na kitu. Sikulaumu, na wewe usianze kujilaumu, maana nakujua. Sote tulilibeba tukiona tumemtendea mzee heshima. Mama alikaa kwenye mkeka na shuka lake jeusi, tukadhani amenyamaza kwa uchungu. Kumbe alikuwa na neno lake, na sisi tulikuwa na haraka ya kumwahi padri.

Basi, tukapata kibali, askari mmoja akatusindikiza, tukaipeleka kwa fundi wa bunduki Arusha. Mama aling'ang'ania kwenda nasi, utamzuia? Fundi akachungulia ndani ya mtutu, akatikisa kichwa. Alisema atakayeipiga hivi ilivyo atajiua mwenyewe kabla ya nguruwe. Ila mitambo mingine ni mizima, na mtutu mpya unaweza kuagizwa ukafungwa, mradi leseni iwe kwa jina lako na uje mwenyewe kuweka alama za vidole.

Kuiacha kama ilivyo haiwezekani, polisi wataichukua ikateketezwe. Kuuza inawezekana. Josephati, yule aliyefanya kazi na baba porini, anaitaka hata na ubovu wake. Anasema akishika kile kitako anamkumbuka mwenzake. Ukweli nikuambie, mimi nilikuwa upande wa kuuza. Nilisema chuma ni chuma, kiende, tupumue. Mama alisema, "Uzeni," na tangu siku ile uji anauonja tu na kurudisha kikombe.

Lakini kuna jambo alilolifanya kule kwa fundi. Wakati sisi tunabishana kuuza au kufunga mtutu mpya, yeye akauliza ule wa zamani unakwenda wapi. Fundi akasema unakatwa vipande mbele ya polisi, unakuwa chuma chakavu. Mama akasema, "Hivyo vipande ni vyangu." Yule askari akakuna kichwa, akampigia mkuu wake. Mkuu akajibu kwamba mtutu ukishakatwa si bunduki tena, mama apewe.

Tangu turudi ameiosha ile ngozi chumvi yote ikatoka, anailainisha kwa mafuta ya kondoo kila jioni. Na shimo ameshachimba, Boni. Amelichimba mwenyewe kwa jembe la baba, miguuni pa kaburi lake, akalifunika kwa ungo kuku wasiingie. Asubuhi anakwenda, anafunua, anatazama ndani, anafunika tena. Nikimwambia apumzike ananiambia anamsubiri mwanawe.

Kwa hiyo mimi nimebadilika. Ukiiuza itaondoka na mtutu wake, na mama atabaki na shimo. Funga mtutu mpya. Ukitaka kuiuza baadaye kwa Josephati, iuze, sitatia neno. Lakini njoo, uweke hivyo vidole vyako, na tufunge vile vipande kwenye ngozi kwa mikono yetu, yeye akituelekeza. Safari hii tumuulize yeye kila kitu. Shule zikifunga usitafute sababu, barabara sasa ni kavu.

Lucas anakusalimu, anasema ameshamwomba mama msamaha, na mimi ni shahidi, alipiga magoti. Shangazi Nada wa Endulen alipita juzi, anawabariki. Msalimie Janeth, wabusu watoto. Mungu awafungulie njia na awafikishe salama.

Mama nimemuuliza kama ana ujumbe. Aliendelea kuipaka ngozi mafuta. Halafu akasema, "Mwandikie kwamba lile sanduku lilikuwa zuri. Asije akalia njiani."

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikigomba,

Sara