Msiguse Baiskeli ya Mama

Wanangu, mjinga wa leo ni mimi. Msiguse baiskeli ya mama yenu! Asubuhi niliijaribu ile breki ya diski niliyoichomelea mwenyewe, foki inayoshika gurudumu la mbele ikapinda mguu wake wa kushoto. Breki za raba zilikuwa zinabana rimu kwa juu, miguu yote miwili inasaidiana. Diski inavuta huku chini, mguu mmoja tu.

~~Rudisheni zile za raba.~~ Haiwezekani, vishikio vyake nilishavikata. Mbele siendi, nyuma sirudi. Mama yenu kaenda kazini kwa miguu, cherehani kichwani. Jioni mkampokee njiani. Mimi nahangaika kutafuta foki.

Baba yenu

Nyongeza: Nilijitetea kwa mama yenu kwamba mguu wa kulia wa foki ni mzima kabisa. Akanijibu, "Basi panda huo, mume wangu."