Sekunde za Ndugu Haule

Jumatatu, 4 Juni
Nimepima mashine ya mionzi asubuhi kabla ya wagonjwa, kama kila mwanzo wa mwezi. Sanduku la maji kitandani, kidude cha kupimia mionzi ndani yake, dakika naweka mwenyewe. Kipimo sawasawa. Kobalti inayotoa mionzi imepungua nguvu kidogo, ndiyo kawaida yake, kwa hiyo nimepiga taipu jedwali jipya la dakika za matibabu, lenye muda mrefu kidogo. Nimempa Ndugu Haule, anayewasha mashine. Kalisoma mara mbili. Tangu nianze kazi hapa mwaka jana sijamwona akikosea.

Sukari hakuna tena. Nimekunywa chai kwa tende.

Alhamisi, 7 Juni
Mama Chiku kanionyesha kifua, uwani. Tumepanga nyumba moja, yeye anauza viungo Shimoni, sokoni Kariakoo. Walimkata ziwa mwezi wa tatu, saratani. Mionzi aliiogopa. Mimi ndiye niliyemshika mkono kumpeleka, nikamwambia haiunguzi.

Leo kanga imegandia kwenye ngozi. Wekundu niliutegemea, lakini kuchubuka hivi, wiki ya tatu tu, hapana.

"Mwanangu, si ulisema haiunguzi?"

Nikasema ni joto. Sijui kama ni joto.

Ijumaa, 8 Juni
Nimepekua mafaili. Wengine wawili wamechubuka vilevile. Daktari anasema ngozi hazifanani. Nimerudia hesabu zangu zote, sioni kosa. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Jumapili, 10 Juni
Nimekwenda hospitali kwa miguu, petroli ya shida, mabasi ya kuhesabu. Haule kaja akitoka kanisani. Nimeweka sanduku la maji kitandani, nikamwomba alitibu kama anavyomtibu Mama Chiku. Mimi sikugusa kitu. Kapiga hesabu, kaweka dakika, kawasha.

Kipimo kimezidi. Karibu sehemu moja ya kumi.

Nikamuuliza muda kautoa wapi. Kwenye jedwali lako, kasema, halafu nikaongeza sekunde za karatasi. Akanyoosha kidole ukutani.

Karatasi ya mtaalamu mgeni aliyekuwepo kabla yangu. Yeye hakubadilisha jedwali. Aliliacha lilelile, akaandika kila mwezi ziongezwe sekunde ngapi. Mimi nabadilisha jedwali lenyewe. Basi tumekuwa tukiongeza mara mbili, mimi kwenye taipu, Haule kwa karatasi, na kila mwezi nyongeza yake inakua.

Karatasi ile nimeiona kila siku. Sikuitoa kwa heshima ya aliyenitangulia, na Haule sikumwambia neno. Muda wote huo nilipima mashine. Sikupima kazi yetu.

Haule kakaa sakafuni na suti yake ya kanisani. Karatasi nimeibandua, nimeiweka kwenye faili.

Jumatatu, 11 Juni
Ripoti nimeandika. Kosa nimeliweka kwa jina langu. Daktari kapanga upya dozi zilizobaki za kila mgonjwa. Ila kasema wagonjwa wasiambiwe: Kariakoo nzima itasema mashine inaunguza watu, hatakuja mtu, watafia majumbani. Ana hoja. Lakini yeye hachangii bafu na Mama Chiku.

Jumatano, 13 Juni
Sijamwambia. Jana nimempita na ndoo, nikamwamkia harakaharaka, nikaingia ndani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sasa mficha maradhi ni mimi.

Alhamisi, 14 Juni
Nimemwambia. Alikuwa anachambua iliki. Nimesema yote, hata karatasi ya ukutani: tumekuzidishia, kosa langu, ngozi itapona taratibu, mkono unaweza kukakamaa, kiasi gani sijui. Na kwamba asiache, zimebaki siku chache.

Akauliza mkono upi, na huku anajua. Wa kulia, wa kupimia binzari. Akakusanya iliki zake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Ijumaa, 15 Juni
Hakuja. Zamu yake saa nne. Haule kaacha kitanda wazi mpaka saa tano.

Akiachia hapa, ugonjwa unaweza kurudi. Nimewaza afadhali ningenyamaza. Kisha nimeona aibu kwa kuwaza hivyo.

Jumapili, 17 Juni
Mlango umefungwa. Nimesikia redio yake tu. Sikubisha hodi.

Jumatatu, 18 Juni
Saa nne kamili, Mama Chiku mlangoni. Nikamwamkia. "Marahaba." Basi.

Kaenda moja kwa moja ukutani. Pale palipokuwa na karatasi rangi imebaki nyeupe. Kapatazama, kisha kamgeukia Haule.

"Zisome kwa sauti, nisikie."

Haule kasoma dakika na sekunde, pole pole, kama anasoma kanisani. Mama Chiku kanitazama mimi. Nikasema ndizo. Akapanda kitandani.

Mgonjwa aliyefuata alikuwa kasikia kutoka kwenye benchi. Naye akataka asomewe.

Jioni nimemchotea maji. Ndoo kaipokea kwa mkono wa kushoto.