Aliyekichezea Kijiji

Jumapili, Nyarero. Jua halijazama bado. Tangu asubuhi upepo unatimua vumbi la barabara mpya ya kijiji, na macho yananiwasha. Ningependa kusema kwamba ni vumbi tu.

Leo nimewachekesha watu.

Anayenijua ataelewa uzito wa sentensi hiyo. Nilifundisha sarufi mpaka nikastaafu, na sikumbuki hata siku moja darasa lilipocheka kwa sababu mimi nilitaka licheke. Watoto walinyamaza nilipoingia. Sasa ni watu wazima wenye watoto wao, nao huniamkia shikamoo wangali mbali, kisha huharakisha kupita. Nilizoea kuiona hiyo kuwa ni heshima.

Niandike mambo kwa utaratibu, kama nilivyowafundisha wengine.

Tulipohamia hapa na kuwa kijiji cha ujamaa, jengo la kwanza tulilolisimamisha kwa mikono yetu lilikuwa ghala. Mwaka huu Mwenyekiti wa kijiji alipendekeza ukuta wake wa mbele upakwe chokaa, kisha yaandikwe juu yake majina ya wanakijiji waliotuletea sifa, ili mtoto anayepeleka mahindi ghalani ajue anatoka kwa watu gani. Jina la mkulima hodari lilipita bila mabishano. La bibi mkunga lilipita kwa vigelegele. Lilibaki jina la mchezaji mpira, na kwa hilo tukakutana leo baada ya ibada, ndani ya ghala lenyewe, wanaume wamekaa juu ya magunia, wanawake nyuma karibu na mlango.

Jina lililoletwa lilikuwa moja tu: Mwita.

Mwita ameacha mpira kwa sababu ya goti. Alipokuwa akicheza alikuwa kiungo wa kati, na kazi yake ilikuwa kugawa mipira. Yeye mwenyewe hakufunga mabao mengi. Alisimama katikati ya uwanja, kola ya shati imesimama kama ya bwana harusi, akatazama huku, akapeleka mpira kule ambako hakuna mtu, na kufumba na kufumbua mtu amefika. Kila alipotoa pasi alipiga kelele: "Kula, mura!" Kwetu mura ni kijana wa kiume aliyekwisha kuingia utu uzima. Uwanja mzima uliijua sauti hiyo. Wake zetu waliitumia jikoni wakipakua ugali.

Ni mtu wa majivuno, siwezi kuficha. Hupenda kutazamwa. Husimulia mechi zake mpaka msikilizaji atafute sababu ya kuondoka.

Nilikwenda mkutanini nikiwa nimekusudia kumtetea.

Hapo ndipo aibu yangu inapoanza. Kama ningekuwa mpinzani wake, leo ningekuwa mpinzani mwenye maneno makali, basi. Lakini nilikuwa upande wake. Mke wangu, Mama Robhi, aliniuliza tulipokuwa njiani, "Utamsemea Mwita?" Nikamjibu, "Nitamsemea."

Mzee Wambura ndiye aliyeanza kupinga. Alisimama na fimbo yake, akatoa mashtaka mawili. La kwanza: Mwita aliwahi kuvuka mpaka wa Sirari akaenda kuichezea timu ya kampuni moja Kenya kwa msimu mzima, wakati sisi tulikuwa tunafyatua matofali ya ghala hili.

"Tofali lake liko wapi?" aliuliza Wambura. "Anionyeshe. Kama liko ukutani, basi na jina lake liandikwe hapo hapo juu ya tofali."

Watu waliguna. Lilikuwa neno zito.

La pili: katika fainali tuliyocheza na Issenye tulikuwa tunaongoza, na muda ulikuwa umekaribia kwisha. Mwita akaenda na mpira kwenye kona, akaanza kuuchezea. Akaukanyaga, akauzungusha, akawapa mgongo mabeki wawili, watazamaji wakashangilia. Kisha akanyang'anywa. Issenye wakasawazisha, halafu wakatufunga. Tulirudi nyumbani juu ya lori bila kikombe, na hakuna aliyeimba.

Marwa alimjibu. Marwa ndiye aliyekuwa mlinda mlango wetu siku hiyo, mtu mnene mwenye sauti kubwa.

"Tata Wambura," alisema, na kwa Kikurya tata ni baba, "mimi ndiye niliyefungwa mabao hayo, wala si wewe. Kama kuna mtu wa kununa, ni mimi. Tulikuwa tumechoka kama ng'ombe wa kulima. Mwita alikwenda kukaa na mpira pale kwenye kona ili sisi tupumue. Alipumuzisha watu kumi peke yake."

"Na nyinyi mkapumua mpaka mkalala!" mtu mmoja akatupia kutoka kwenye magunia. Watu wakacheka.

Mwita mwenyewe alikuwa amekaa mbele, mguu mbovu ameunyoosha, kola imesimama. Alicheka pamoja na wengine. Kuhusu Kenya alisema tu kwamba alikwenda, akarudi, na kwamba aliyerudi hahesabiwi pamoja na waliopotea.

Mimi niliiona fainali hiyo. Nilisimama karibu na kona hiyo hiyo. Niliwaona vijana wetu wameinama, mikono magotini, na nilimwona Mwita akiwatazama kabla ya kuupeleka mpira pembeni. Sikuwa na shaka siku ile, wala leo sina. Hayo ndiyo niliyokuja kuyasema.

Mwenyekiti akasema, "Tumsikie Mwalimu. Kanuni ameiandika yeye."

Ni kweli. Katibu alikuwa ameandika kwamba jina litakaloandikwa ni la mtu "aliyecheza kwa ajili ya kijiji". Nikamwambia Kiswahili hakihitaji mzigo huo wote, kwa kuwa tunayo kauli ya kutendea. Nikafuta, nikaandika: "aliyekichezea kijiji". Neno moja badala ya manne. Nilijivunia kazi hiyo ndogo kuliko inavyostahili.

Nilisimama. Ghala likanyamaza kama madarasa yangu yalivyokuwa yakinyamaza. Kicheko cha yule wa magunia kilikuwa bado kinaelea hewani, na nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: nilitamani nami nipate changu. Na neno lilikuwa pale, tayari, nimelitengeneza mwenyewe.

Nikasema, "Ndugu Mwenyekiti, kanuni inataka mtu aliyekichezea kijiji. Mimi sina pingamizi. Ndugu Mwita alikichezea kijiji, sana. Alikichezea kama mtoto anavyochezea uji."

Ghala lililipuka.

Watu walipigana mabega. Wambura aliangusha fimbo. Hata Mwenyekiti alijifunika uso kwa kofia. Kicheko kilinijia usoni kama joto la jiko siku ya baridi, nami nikasimama pale nikiota moto. Ni lazima nikiri hapa, maana hapa hapana wa kunitazama: kilikuwa kitamu. Nilikaa chini bila kuongeza neno. Sikusema nilichokiona kwenye kona. Niliogopa kukizima kicheko changu.

Mwita naye alicheka. Alicheka kwa mazoea, kwa kuwa hupenda mzaha, kisha nikaona kicheko kinamtoka usoni polepole alipofahamu kwamba uji huo ni yeye.

Alisema, "Mwalimu, hiyo ni sarufi au ni wewe?"

Watu wakacheka tena, safari hii si kwa sababu ya maneno yake. Walikuwa wameshaanza, ikawa vigumu kuacha.

Akatoka. Goti halimruhusu kutoka haraka, kwa hiyo ilimlazimu apite katikati ya kicheko chote, hatua kwa hatua, hadi mlangoni. Wanawake walimpisha. Wao hawakuwa wanacheka.

Mikono iliyonyooshwa kumuunga mkono ilikuwa michache, hata Mwenyekiti hakuona haja ya kuihesabu. Ikaamuliwa nafasi ya tatu ibaki na chokaa tupu.

Watu walinipa mkono nje. Mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu aliniambia, "Kumbe Mwalimu nawe wamo!" Nilitabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Nyumbani Mama Robhi alinitengea chakula. Kwa kawaida husema neno anapokiweka. Leo alikiweka, akaketi kando, akatazama mlango. Nilipomaliza alisema, "Leo umefundisha, Baba Robhi." Akachukua sahani, akaondoka.

Nilibaki nikilipima swali la mkutano, sasa lilipokuwa halina faida tena. Je, Mwita anastahili? Wambura hakusema uongo. Tofali la Mwita halimo katika ukuta ule. Alikwenda Kenya kwa sababu alipenda kwenda, na alirudi na baiskeli iliyong'aa na hadithi zisizokwisha. Pale kwenye kona, nafsi yangu inaniambia kwamba alikaa na mpira ili wenzake wapumue, na pia kwamba alipenda shangwe. Yote mawili ni kweli kwa mguu mmoja. Lakini tangu lini tunaandika ukutani majina ya malaika? Mkulima wetu hodari ni mchoyo, kila mtu anajua. Tulimwandika kwa mahindi yake. Mwita tungemwandika kwa mipira aliyoigawa. Kijiji kizima tulihubiriwa kugawana tukiwa tumekunja uso. Yeye aligawa akicheka, na waliokula hakuwadai kitu.

Anastahili. Ndiyo hukumu yangu, na nimeitoa mahali ambapo haimfai mtu.

Ndipo nikachukua kofia, nikaenda kwake.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akitengeneza lango la zizi. Aliponiona alisimama, ingawa goti lilimuuma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Sijawahi kuitikia salamu kwa shida namna hiyo. "Nimekuja kukuambia kwamba leo nilikosea."

"Ulikosea nini? Tahajia?"

Akaendelea kufunga kamba, akaikaza kwa meno, akaitema.

"Nilikuwa nimekusudia kukutetea," nikasema. "Niliiona ile fainali. Najua kwa nini ulikwenda kwenye kona."

"Unajua?"

"Najua."

"Na ulijua ulipokuwa umesimama ghalani?"

"Nilijua."

Nilitarajia hasira, na ningeishukuru. Badala yake akanyoosha mkono, akaonyesha zizi.

"Mwalimu, ulinisema mbele ya nani?"

"Mbele ya kijiji."

"Sasa hapa kijiji kiko wapi? Mimi naona ng'ombe. Huyu dume hakuwepo mkutanini. Yule ndama hata hajui kucheka. Mtu mzima hatukanwi ghalani akaombwa msamaha zizini. Hapana, Mwalimu. Hapo utakuwa umenichezea mara ya pili."

Alilisema neno hilo taratibu, kila silabi, kama ninavyolisema mimi ubaoni.

Nikamwambia kwamba kesho alfajiri pembe itapulizwa na wote tutakuwa katika shamba la kijiji. Akasema anajua, naye atakuwepo, goti au si goti. Nikamwambia kwamba pengine watu hawatakubali kulifungua tena shauri la jina lake. Akasema hilo ni la watu, si langu.

Niligeuka kuondoka. Nilikuwa nimekwisha kupita kihenge cha mahindi niliposikia ile sauti ya uwanjani nyuma yangu:

"Kula, Mwalimu!"

Sikugeuka. Sikutaka aone uso wangu. Nimemfanya achekwe mbele ya watu wake, naye ameniwekea mpira miguuni, lango liko wazi.

Sasa nimekaa kibarazani na kalamu, nikiitengeneza sentensi ya kesho. Najua itakavyokuwa. Watakuwa wamesimama katika matuta na majembe mabegani, wakitarajia mzaha mwingine, maana sasa mimi ni mchekeshaji. Pengine wataanza kucheka kabla sijafungua kinywa. Wambura atasema uzee umenishika. Nitalazimika kusimama katikati ya kicheko hicho na kukipita hatua kwa hatua, kama alivyokipita yeye. Naogopa. Katika umri wangu naogopa kuchekwa, na leo asubuhi sikujua kwamba kuchekwa kunaumiza hivi, ingawa nilikugawa kwa ukarimu.

Nilianza kwa kuandika, "Ndugu zangu, jana nilikosea." Nikaisoma. Haina kasoro ya sarufi hata moja. Ndiyo ile ile niliyokwenda nayo zizini, naye akaniuliza kama ni tahajia. Alikuwa na haki. Nilikosea ni neno la mtu aliyekosea hesabu, aliyekosea njia. Linaweza kusemwa na mtu aliye peke yake porini.

Linapungukiwa na silabi moja.

Nimelikata. Nimeandika, "Mwita, nilikukosea." Hapo katikati ya kitenzi kuna ku, na ndani ya ku hiyo amekaa mtu, mguu mbovu ameunyoosha, kola imesimama. Kauli ni ile ile ya kutendea niliyomtukania. Kesho pembe ikilia nitaisema kabla jembe la kwanza halijashuka, nikiwa nimemtazama usoni, kwa sauti ya kufika hadi kwa wanawake walio nyuma.